Namna ya Kulifikisha Jambo la Mtaa Wako Mbele ya Baraza la Madiwani, Kigoma/Ujiji

Wakazi wengi wa manispaa yetu humvizia diwani njiani, wakamweleza kero yao akiwa juu ya bodaboda, kisha wakashangaa miezi mitatu ikipita bila jibu. Diwani huyo anaweza kuwa msikivu kabisa, lakini baraza huendeshwa kwa karatasi, na neno lisiloingia katika muhtasari wa kikao huhesabiwa kuwa halikusemwa.

Hakikisha kwanza kwamba jambo lenyewe ni la halmashauri. Barabara za mitaa zimekuwa chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017, na maji ya bomba yana mamlaka yake. Taka, masoko, zahanati, majengo ya shule za msingi na sheria ndogo ndiyo mambo ya baraza.

Tuseme nyuma ya soko kuna kizimba cha taka kisichozolewa. Lianzishe jambo hilo katika mkutano wa mtaa, mbele ya mwenyekiti, na kabla watu hawajatawanyika mwombe mtendaji wa mtaa asome alichoandika. Akisoma kwamba "wananchi wamelalamikia usafi", mwombe kwa adabu arekebishe, kwa sababu sentensi hiyo haimbani mtu yeyote. Iandikwe kizimba kipi, hakijazolewa tangu tarehe gani, na wananchi wanaomba kizolewe mara ngapi kwa wiki. Hapa ndipo mambo mengi hufia, wala si kwa hila; mara nyingi ni uchovu wa mwandishi tu.

Muhtasari huo hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, katibu wake ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Mkumbushe mwenyekiti wako siku moja kabla ya kikao, ili jambo liingie katika taarifa ya kata ambayo diwani huiwasilisha barazani. Sambamba na hilo, mwandikie Mkurugenzi wa Manispaa, ambaye ndiye katibu wa baraza, barua ya ukurasa mmoja inayopitia kwa watendaji wa mtaa na kata, na usiondoke masjala kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe.

Mkutano wa kawaida wa baraza hufanyika kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, ingawa hapewi nafasi ya kuchangia. Nenda na nakala yako. Diwani anayekuona umekaa nyuma ya ukumbi hasahau ukurasa wa taarifa yake.

Jambo likihitaji fedha, litapita pia Kamati ya Fedha na Uongozi, na hapo kalenda ina nguvu kuliko hoja. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na baraza hupitisha makadirio miezi kadhaa kabla yake. Ombi linalofika Mei hukuta fungu limeshagawanywa, kwa hiyo lipeleke mtaani mapema, wakati vipaumbele vya mwaka ujao vinapoanza kukusanywa.