Kumfuatilia babu aliyetua Frere Town: hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimewaandikia familia za Kisauni, Rabai na kwingineko ambazo babu au bibi wa kwanza kukumbukwa alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Frere Town ilianzishwa na CMS (Church Missionary Society), misheni ya Kianglikana ya Uingereza, mwaka 1875, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, miaka miwili baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Manowari za Kiingereza ndizo zilizowatoa wengi wa waliotua hapo kwenye majahazi ya watumwa, na wengi wao walikuwa watoto.

Watu wengi wanaoanza kazi hii wanatafuta jina la babu yao peke yake, wanalikosa, wanaacha. Mimi ninawatafuta waliomzunguka. Mtu asiyeandikiwa baba alikuwa na mchungaji aliyembatiza, mashahidi wa ndoa yake, na jirani wa shamba. Hao ndio watakaokufikisha kwake.

Hatua ya 1: Wazee kwanza

Piga hodi, kaa, sikiliza. Swali la utumwa usilitangulize. Wapo wazee waliolelewa wakiambiwa jambo hilo halisemwi, na wana haki ya kunyamaza. Anza hivi: "Shikamoo bibi. Babu alikuwa akikaa na nani? Nani alisimama naye siku ya harusi? Amezikwa wapi, na kaburi la pembeni ni la nani?" Majina ya marafiki na wasimamizi yaandike yote, hata kama hayana maana kwako leo. Mzee asipotaka kurekodiwa, andika kwa mkono, kisha msomee ulichoandika. Mara nyingi hapo ndipo anapokumbuka zaidi, kwa sababu anakusahihisha.

Sikiliza pia babu alifikaje, maana kila njia ina karatasi zake. Kama alitolewa jahazini, utafuata habari za manowari. Kama alitoroka kwa bwana wake akakimbilia misheni, nenda Rabai: mwanzoni mwa 1889 George Mackenzie wa IBEA (Imperial British East Africa Company), kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani wakati huo, alilipa fidia ili watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye misheni, wengi wao Rabai, wapewe hati za uhuru. Na kama wazee wanasema alitoka Bombay, huenda alikuwa miongoni mwa Waafrika waliokombolewa wakasomeshwa Nasik, India, kabla ya kurudishwa pwani. Kundi hili liliacha maandishi mengi kuliko wengine. William Jones na Ishmael Semler walitoka humo, na Askofu Hannington aliwapa ushemasi mwaka 1885.

Hatua ya 2: Geuza matukio kuwa miaka

Wazee wetu hawataji mwaka, wanataja njaa na vita. Chora mstari kwenye karatasi uweke vigingi hivi: njaa ya Mwakisenge katikati ya miaka ya 1880, vita vya Mbaruku bin Rashid, 1895 hadi 1896, njaa ya Magunia, 1898 hadi 1900, Mekatilili na Wagiriama, 1914.

Tuseme unaambiwa babu alioa wakati wa Magunia. Kama alikuwa kijana wa miaka 25 hivi, alizaliwa kati ya 1873 na 1875, kwa hiyo alitua akiwa mtoto. Lakini ukiambiwa mtu huyohuyo alitua 1875 akiwa mtu mzima na akaoa mke wake wa kwanza 1914, simama. Huenda hao ni watu wawili, baba na mwana wenye jina moja, ambao simulizi imewaunganisha. Nakusihi uhakikishe jambo hili kabla ya kwenda mbele.

Hatua ya 3: Rejesta za kanisa

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Nenda na barua ya kuomba ruhusa kwa mchungaji wa kanisa la Emmanuel hapo Frere Town, au la Mtakatifu Paulo kule Rabai, ukieleza wewe ni nani na unamtafuta nani. Nawa mikono, usilambe kidole kufungua kurasa, na usipige picha mpaka umeruhusiwa.

Rejesta ya ubatizo ya Kianglikana ina safu za tarehe, jina, wazazi, makazi, kazi na jina la aliyebatiza. Usishangae safu ya wazazi ikiwa tupu. Nakili ukurasa mzima, kwa sababu waliobatizwa siku moja huenda walifundishwa pamoja, na pengine walitua pamoja. Akina John, James na Mary ni wengi mno, kwa hiyo jina peke yake halithibitishi kitu. Chukua jina la mke uende nalo kwenye rejesta ya ndoa, utazame mashahidi. Halafu rudi kwenye ubatizo wa watoto wao uone kama mashahidi walewale wanajitokeza tena kama wasimamizi, pale walipoandikwa. Jozi ya mume na mke, ikikutana na shahidi aliyetajwa na bibi katika hatua ya 1, ndiyo ninayoikubali kuwa ushahidi.

Soma kwa sauti majina yasiyo ya Kizungu. Mwandishi aliandika alivyosikia: r na l hubadilishana, Mabruki huwa Mabruk, na Songoro anaweza kuwa Songolo.

Hatua ya 4: Nyaraka za misheni na za serikali

Barua za CMS zimehifadhiwa Cadbury Research Library, Chuo Kikuu cha Birmingham. Zile za hadi 1880 zimo kwenye kundi C A5, na za baadaye G3 A5. Ukiandika kuomba msaada, taja kundi, miaka na kituo. "Natafuta babu yangu" haitamsaidia mhudumu wa huko. Jarida lao, Church Missionary Intelligencer, linasomeka bure kwenye intaneti. Habari za manowari na majahazi zimo kwenye mafaili ya FO 84, katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew. Ukiwa na mwezi na mwaka wa kutua, unaweza kuikaribia ripoti ya jahazi lenyewe.

Nairobi, nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, ujisajili kama msomaji, uombe orodha za Mkoa wa Pwani. Tafuta mambo mawili. La kwanza ni madai ya fidia ya mabwana baada ya sheria ya 1907 iliyofuta utumwa pwani ya Kenya. La pili ni ardhi: sheria ya 1908 iliwataka watu wa pwani wadai viwanja vyao ili wapate hati, na karatasi hizo huweza kutaja majirani.

Hatua ya 5: Kabila, polepole

Rejesta ikisema "Mnyasa", usikimbilie kujiandikia kabila. Neno hilo liliwabeba watu wengi wa pande za Ziwa Nyasa waliopitishwa Kilwa. Myao, Mmakua na Mngindo ni dalili bora kidogo, ila aliyejibu swali hilo huenda alikuwa mtoto wa miaka saba. Kipimo cha DNA kinaweza kukupa ndugu wa mbali, lakini jina la kijiji hakikupi.

Hatua ya 6: Andika

Kwa kila sentensi, onyesha ilikotoka: "bibi alisema", "rejesta ya ndoa, ukurasa fulani", "nakisia". Makisio yaandike kwa penseli. Chapa nakala tatu: moja ya mzee aliyekusimulia, moja ya kanisa, moja ya mtoto mmoja katika ukoo anayependa kusoma. Na kama mzee alikuomba jambo fulani lisitoke nje ya nyumba, liondoe kwenye nakala ya kanisa kabla hujaipeleka.