Jinsi ya kuomba kibali cha kukarabati madirisha ya jengo la kihistoria ili kupunguza joto

Mwongozo huu ni wa mwenye duka la ghorofa la zamani Jinja au nyumba ya enzi ya Waingereza kule Entebbe, nchini Uganda, anayetaka ubaridi bila kung'oa fremu na kuweka alumini.

1. Ulizia hadhi ya jengo. Iandikie Idara ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kihistoria, iliyo chini ya Wizara ya Utalii. Kama jengo linalindwa na sheria ya makumbusho ya 2023, pata ridhaa ya maandishi kabla ya kulipia michoro. Masharti yao yanaweza kuibadilisha yote.

2. Kagua madirisha. Hapa usiharakishe. Kila dirisha lipe namba, lipige picha ndani na nje, kisha orodhesha kasoro zake: puti iliyopasuka, bawaba iliyolika kutu, kioo cha asili kilichobaki. Choma mbao kwa bisibisi, ikizama, pameoza. Mara nyingi ni kizingiti na ncha za chini za miimo, maana maji hutuama hapo. Omba kukata sehemu hiyo tu na kuunga mbao ya aina ileile, mvule kwa mvule. Dirisha zima lichorwe kwa kipimo cha 1:20, maungio 1:5.

3. Eleza utakavyozuia joto. Karibu na Ikweta, jua la asubuhi na jioni hupiga moja kwa moja madirisha ya mashariki na magharibi, kwa hiyo anza na hayo. Jua likizuiwa nje, kioo hakipati moto. Ndiyo maana kurudisha luva za mbao (vibao vya mlazo vinavyokinga jua na kupitisha hewa) kunafaa kuliko kioo cheusi. Mpira wa kuziba upenyo na kioo cha pili cha ndani, chenye fremu yake inayofunguka, viombee chumba chenye kiyoyozi pekee. Kwingine utaziba upepo bure. Karatasi ya kuzuia jua iache: kioo cha zamani huweza kupata joto lisilo sawa na kupasuka.

4. Wasilisha kwa kamati ya majengo ya halmashauri yako, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013 (Kampala ni KCCA, mamlaka ya jiji): uthibitisho wa umiliki, michoro ya msanifu aliyesajiliwa, picha, ridhaa ya hatua ya kwanza na maelezo ya kazi. Maelezo yataje puti ya mafuta ya kitani, wala si silikoni, ambayo huzuia kioo kutolewa salama baadaye. Yataje pia msasa wa maji, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni sumu.

5. Kibali kikitoka, kamilisha dirisha moja, mwite mkaguzi alione, ndipo fundi aguse mengine.