Unataka kuwatanguliza wengine? Anza na jirani wa ukuta mmoja

Wapendwa, hii kitu tunahubiriwa kila Jumapili lakini Jumatatu asubuhi hujui uishike wapi, kwa hivyo wacha niandike venye mimi nimejifunza huku Manyatta, Kisumu, polepole na kwa kukosea.

Soma Wafilipi mlango wa 2, na usiishie mstari wa 4 pale pa kuangalia mambo ya wengine, shuka mpaka 25 umpate Epafrodito. Huyu alitumwa na kanisa la Filipi ampelekee Paulo msaada akiwa kifungoni, akaugua karibu afe, na kilichomsumbua roho ni kwamba watu wa kwao wamesikia anaugua. Mimi kila nikifika hapo nasimama kidogo. Mtu amelala hajiwezi na bado anawaza vile wengine watakosa usingizi juu yake.

Sasa wewe usianze na pesa, anza na macho. Kwenye ploti mko milango minane, bafu moja, mfereji mmoja, na hujui nani hajawasha jiko tangu jana, mtoto wa nani amefukuzwa shule, mama yupi ana mimba kubwa na bado anajibebea mitungi. Wiki ya kwanza angalia tu, na uwaombee kwa majina yao.

Alafu uliza kabla ya kupeleka. Mwaka jana nilibeba mahindi gorogoro mbili nikapelekea jirani mchana kweupe, watu wako kwa mfereji wanaona, watoto wake wanaona, nami nikarudi kwangu nimefurahi. Huyo mama alikaa karibu mwezi mzima akinipita tu, na alikuwa na haki, nilimvua nguo mbele za watu. Siku hizi nangoja giza liingie, naenda mikono mitupu, nauliza, "Mama, leo mko sawa na chakula?" Akisema wako sawa yameisha hapo, hakuna mfuko umesimama katikati yetu. Akinyamaza, nimejua. Na usipige picha uweke kwa status, Yesu alishasema mkono wa kushoto usijue wa kulia unafanya nini.

Kama uko na bibi au bwana, kubalianeni kwanza. 1 Timotheo 5:8 ni kali sana kwa mtu anayesahau wa nyumbani mwake, na nimeona ndugu wakitoa karo ya watoto wao kwa harambee ya kanisa ndio wasifiwe. Hata yule Msamaria alimfunga majeruhi vidonda, akamlipia dinari mbili, akamwambia mwenye nyumba ya wageni ikizidi nitalipa nikirudi, kisha akaendelea na safari yake. Kwa hivyo sema kile unaweza, na kile umesema ukifanye.

Lakini mahali naona tunakosea zaidi ni wodini. Huku kwetu mtu akifa grupu ya mazishi inafunguliwa siku hiyo hiyo, pesa zinaingia, tenti, basi, ng'ombe. Sipingi, kuzika mtu vizuri ni heshima. Ila huyo huyo alilala hospitali miezi miwili bili ikipanda na hakuna grupu, na sisi wa kanisa tulikuja Jumapili watu kumi na wawili tukazunguka kitanda, tukaimba, tukaomba nusu saa, mgonjwa amechoka hata kugeuka hawezi.

Nendeni wawili. Kaa chini, usimsimamie. Omba kwa ufupi. Beba uji kwa themosi, lakini uliza nesi kwanza kama anaruhusiwa, wengine wanangoja operesheni na hawafai kula. Na yule dada ama mama anayemuuguza, ambaye analala kwa kiti siku ya sita, mwambie aende akaoge na kulala, wewe utakaa mpaka jioni, huyo watu humsahau kabisa. Kabla utoke, angalia chini ya kitanda, kutakuwa na karatasi ya nailoni imejaa nguo chafu. Hataitaja kwa sababu ya aibu, omba uende nayo. Yesu alijifunga taulo akaosha miguu, sisi tuoshe leso na shuka zenye jasho na zenye damu. Anika juani zikauke kabisa, zikunje, na lile gauni la mbele wazi uliweke juu, ndilo ataitisha kwanza.