Tuta la mbao kwenye nyumba yenye mchwa

Kwa tuta la mboga la futi 8 kwa 4, yaani sanduku la mbao linalojazwa udongo, nunua mbao nne za 1x8 (inchi 1 kwa 8) na moja ya 2x2, zote za futi 12. Paini ya Mafinga inatosha. Mninga na mkongo mchwa hawazisumbui sana, lakini kwa bei yake ni heri utengeneze kitanda cha kulalia. Pima palepale dukani, maana futi 12 za muuzaji wakati mwingine hazitimii, na ubao uliopinda mwachie mwenyewe.

Utaonyeshwa na mbao za kijani, zilizopigwa dawa. Nyingi zina mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, dawa ileile ya nguzo za umeme. Kwa paa sina neno. Kwa mchicha nitakaowalisha watoto, hapana. Hata Marekani viwanda viliacha kuiweka kwenye mbao za matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003. Oili chafu ya gereji nayo usipake, hata fundi akikuapia.

Kila 1x8 ikate futi 8 na futi 4. Utapata ndefu nne na fupi nne: matabaka mawili ya kuzunguka pande zote, na hakuna kinachotupwa. Ile 2x2 toa nguzo sita za inchi 16, nne za kwenye kona na mbili za katikati ya pande ndefu. Kitabaki kipande cha kama futi 4. Kitunze. Upana usizidi futi 4, kwa sababu mkono hufika futi 2 tu, na tuta likishakanyagwa limeharibika. Ukiliegemeza ukutani, fanya futi 2.

Sasa mchwa, ambao kwetu Kigamboni ndio wenye nyumba. Ubao usiguse ardhi. Panga matofali 16 ya inchi 18 yakiwa yamelala, yazunguke umbo la tuta, nusu yazame mchangani, na maungio uzibe kwa saruji. Weka pima maji juu yake kabla hujaendelea. Tofali halimzuii mchwa kupanda, ila linamlazimisha ajenge njia yake ya udongo nje, mahali unapoiona. Kila ukimwagilia tupa jicho, ukiiona, ikwangue.

Juu ya matofali hayo, pigilia mbao kwenye nguzo kwa misumari ya inchi 3, miwili kila ubao, fupi zikiwa katikati ya ndefu. Ncha ya paini hupasuka ovyo, kwa hiyo toboa kwanza kwa drili, au gonga ncha ya msumari iwe butu. Kisha pima kona kwa kona ya mkabala, mishazari yote miwili; vipimo visipolingana, sukuma sanduku mpaka vilingane. Hapo ndipo kile kipande cha futi 4 kinapoingia: kipitishe katikati, ukipigilie kwenye nguzo mbili za kati. Bila hicho udongo ukilowa pande ndefu zitatoa tumbo. Kikipungua kidole hakina neno, kwa kuwa kinashika ubavuni mwa nguzo.

Ndani, funika mbao kwa nailoni ngumu mpaka ishuke juu ya tofali. Chini acha wazi, maji yapite. Video nyingi za ng'ambo zitakuambia utandike maboksi chini kuzuia magugu. Huko kwao sawa; hapa boksi lililolowa ni karamu ya mchwa. Chimba ndago kwa mkono, utoe na vile vijiazi vyake, kisha jaza.

Toroli 20 hivi zinajaza. Mimi huchanganya toroli mbili za udongo mweusi kwa moja ya samadi ya ng'ombe. Chota samadi kiganjani: ikiwa bado ina joto au inanuka, iache ioze, itaunguza mizizi. Jaza mpaka ukingoni, mwagilia siku kadhaa, udongo utashuka, ongeza tena.

Anza na mchicha, ambao ndani ya mwezi unavunwa, huku bamia na nyanya chungu zikikua taratibu upande wa pili. Na zungushia wavu siku hiyohiyo ya kusia mbegu, kwani kuku wa jirani hawasubiri kesho.