Mpira unapinda kulia? Anza na mkono wa kushoto

Katika gofu, anayepiga kwa mkono wa kulia na mpira wake unapinda kulia hushauriwa sana alenge kushoto zaidi. Ushauri mbaya. Fimbo itaukata mpira ikielekea kushoto huku uso wake, yaani upande unaogonga mpira, ukiwa wazi (umegeukia kulia), na mpira utazidi kupinda. Kabla ya kugusa kitu kingine, kagua mkono wa kushoto unavyoshika.

Chukua chuma namba 7, fimbo ya urefu wa kati yenye kichwa cha chuma. Weka kichwa cha fimbo chini, uso wake ukitazama unakolenga, ndipo ushike. Acha mkono wa kushoto uning'inie ubavuni: utaona umegeuka kidogo kwa ndani. Ulete kwenye fimbo hivyo hivyo. Mshikio ulale kwenye mashina ya vidole, si katikati ya kiganja, na sentimita 1 ya ncha yake ibaki nje. Ukitazama chini, uone vifundo viwili au vitatu vya mkono huo. Ukiona kimoja tu, ndiyo sababu ya mpira kupinda: mkono ukishika kasi hurudi ulivyoumbwa na kuufungua uso wa fimbo. Glovu inayotoboka upande wa chini wa kiganja ni dalili nyingine kwamba mshikio umekaa vibaya.

Kiganja cha kulia kifunike dole gumba la kushoto. Usikabe, kama nguvu zako zote ni 10, tumia 4. Asubuhi za Julai pale klabu ya Gymkhana ya Arusha vidole hukakamaa kwa baridi na watu hukaba bila kujua, kwa hiyo pasha mikono kwanza.

Kosa la kawaida ni kushika kama zamani, kisha kuizungusha mikono hadi vifundo vionekane. Uso wa fimbo unazunguka nayo, na hujabadilisha kitu.

Piga mipira 20 ya nusu pigo, mikono isipite kiuno, kisha 20 ya robo tatu. Mwanzoni utahisi fimbo si yako, vumilia. Mipira ikianza kupinda kushoto mfululizo, shika upya vifundo vinavyoonekana vipungue kimoja. Draiva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, iache mwisho, hasa kama unajiandaa kwa mashimo 18 ya uwanja wa Kili Golf: uso wake umelala kidogo sana, hivyo hitilafu ambayo namba 7 huificha, yenyewe huianika.