Jinsi ya kutofautisha maneno ya Kiingereza yanayokaribiana maana: anzia kwenye mkia wa kitenzi

Juzi mpwa wangu alinionyesha barua aliyotaka kuipeleka kwa watu wa bima. Ilianza hivi: "I was stolen my phone." Nikamwambia, kwa maneno hayo wewe ndiye uliyebebwa na mwizi, simu haijulikani iliko. Tulicheka, kisha tukakaa jioni nzima. Nilichomwonyesha ni hiki.

Hatua ya 1: Andika sentensi nzima kwa Kiswahili

Sentensi, si neno. Endelea.

Hatua ya 2: Tazama mkia wa kitenzi

Zile kauli tulizokariri shuleni, kutendea na kutendesha na nyinginezo, hapa ndipo zinapolipa. Mara nyingi Kiswahili hubadilisha mkia tu pale ambapo Kiingereza huleta neno jingine kabisa. Kumbuka ni "remember", kumbusha ni "remind". Bei imepanda ni "rise". Wamepandisha bei ni "raise". Lala ni "lie" na laza ni "lay", ingawa "lay" hiyohiyo ndiyo "lie" ya wakati uliopita, kwa hiyo usishangae ukiikuta mahali pa kulala. Sema ni "say". Ambia ni "tell", na kama vile huwezi kuambia bila kuwepo wa kuambiwa, "tell" nayo hudai mtu, isipokuwa katika semi chache kama "tell the truth" na "tell a story".

Sasa rudi kwa mpwa wangu. Iliyoibwa ni simu; aliyeibiwa ni yeye. "Steal" hushika kitu kilichochukuliwa, "rob" hushika mwenye kitu au mahali kilipokuwa, kama vile benki. Basi ni "My phone was stolen" au "I was robbed". Lakini "rob" kwa kawaida huja na nguvu au vitisho: Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 ya England na Wales huhesabu kosa hilo pale tu mwizi anapotumia nguvu au kumtia mtu hofu ya kuumizwa. Simu yake ilichomolewa mfukoni bila yeye kuhisi chochote. Tukaandika "stolen".

Mtego mmoja: azima. "Niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" hutumia kitenzi kilekile, ndiyo maana watu huomba "Borrow me your pen". Dawa yangu ni kuweka kopa mahali pa azima kwa dakika moja. Ukisikia nikopeshe, ni "lend". Ukisikia nimekopa, ni "borrow".

Hatua ya 3: Mkia usiposaidia, uliza tendo linadumu au linatokea mara moja

Hapa nilipoteza mteja. Nilikuwa nasafiri, nami nikitaka kusema sitakuwepo mpaka Jumatatu nikaandika "I will be away by Monday". Yeye akaelewa kwamba ikifika Jumatatu nitakuwa nimeshaondoka. Akanipigia simu Jumamosi na Jumapili, yangu imezimwa. Jumatatu asubuhi nimerudi, nimefungua kompyuta, kazi amempa mwingine.

Kosa ni la "mpaka", neno linalobeba mizigo miwili bila kulalamika. Tendo likiwa linaendelea hadi siku hiyo, kama kukaa, kungoja, kulala au kutokuwepo, ni "until". Likiwa ni la kutokea mara moja, wakati wowote ilimradi siku hiyo isipite, kama kufika, kutuma au kumaliza, ni "by". Jaribu kubadilisha "mpaka" kwa "kufikia". Kufikia Ijumaa niwe nimetuma: inakaa vizuri, andika "by". Nitangoja kufikia Ijumaa: inakwaruza sikio, andika "until".

Kisha kuna kukanusha, ambako nilikwama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. "I won't finish until Friday" ni sentensi sahihi, na "I won't finish by Friday" ni sahihi pia. Ya kwanza inaahidi: nitamaliza Ijumaa, si kabla. Ya pili inaonya: Ijumaa itafika na kupita sijamaliza. Mteja anayesoma ya pili anaanza kutafuta mtu mwingine.

Tena: "by Friday" huihesabu Ijumaa yenyewe, "before Friday" haiihesabu. Kuhusu "until Friday", wenye lugha wenyewe hubishana kama Ijumaa imo au haimo. Wamarekani husema "through Friday" wakitaka Ijumaa iwe ndani. Mimi, pesa ikihusika, naandika tarehe na saa, na kihusishi kibaki cha kupendezesha tu.

Hatua ya 4: Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza

Iweke pembeni ile ya lugha mbili. Ukitafuta "borrow" utakuta azima, ukitafuta "lend" utakuta azima, na utarudi ulikoanzia. Napenda kamusi ya Cobuild, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1987, kwa sababu inaeleza neno kwa sentensi kamili, na ndani ya sentensi hiyo unamwona mtendaji, mtendwa na kihusishi mahali pake. Programu za kutafsiri sizitumii kwa kazi hii. Zinakupa jibu bila kukuonyesha limetoka wapi.

Hatua ya 5: Tazama majirani wa neno

Ni kwa jozi zilizobaki tu, kama "economic" na "economical". Fungua British National Corpus, mkusanyiko wa maneno kama milioni 100, uone kila neno linaandamana na nani. La kwanza utalikuta na "growth" na "policy", mambo ya uchumi wa nchi. La pili husifu kitu kisicho na gharama kubwa, kama gari lisilokunywa mafuta mengi. Usihesabu matokeo ya kwenye injini ya utafutaji. Makosa ya watu wote yamo humo.

Hatua ya 6: Andika jozi kutoka maisha yako

Sentensi mbili, neno moja kila moja, zote za kweli. Mpwa wangu aliandika: "My phone was stolen on Tuesday. Nobody robbed me, I was asleep on the bus."