Jinsi ya kumchagua mkandarasi wa matengenezo na bustani: anza na kile kitakachofukiwa

Kabla ya kuanza kusimamia kazi za wengine nilikuwa mkandarasi mwenyewe. Nilipaka rangi, nikaziba paa, nikapanga matofali ya njia, nikapanda nyasi na miti. Kwa hiyo najua mkandarasi akibanwa na pesa hupunguza wapi kwanza: hupunguza pasipoonekana. Rangi ya juu itakuwa nzuri, ila chini yake ukuta haukukwanguliwa. Matofali yatang'aa, ila kokoto zilizolala chini yake ni nusu ya zile ulizolipia. Miti itasimama wima siku ya makabidhiano, kumbe shina limefukiwa kina cha goti.

Ndiyo maana hatua zote hapa chini zinazunguka swali moja: huyu mtu atafanya nini pale ambapo sitaona?

Hatua ya 1: Andika kazi kabla ya kumwita mtu yeyote

Zunguka eneo lako na daftari na tepu, ikiwezekana mara tu mvua inapokatika. Maji yaliyotuama yatakuonyesha mambo ambayo jua huyaficha. Andika kwa vipimo: ukuta wenye unyevu una urefu gani, njia ina upana gani, nyasi ni mita za mraba ngapi.

Tenganisha kazi ya mara moja, kama kujenga njia au kuziba paa, na kazi ya kujirudia, kama kukata nyasi na kuzibua mifereji ya paa. Mtu mmoja anaweza kuzifanya zote mbili, lakini ziwe na mikataba miwili. Na usiandike "kutunza bustani". Maneno hayo hayana maana mpaka useme mara ngapi kwa mwezi, nyasi zibaki na urefu gani, na majani yaliyofagiliwa yaende wapi. Miti mikubwa iliyo karibu na nyumba au nyaya za umeme iweke kando. Hiyo ni kazi ya mtu wa miti, si ya kila mwenye msumeno.

Hatua ya 2: Tafuta watatu, kisha ukaone kazi zao za zamani

Wauza vifaa vya ujenzi na wauza miche ni watu wa kuwauliza. Wao wanajua nani hulipa madeni yake na nani hununua mali ya chini halafu akatoza bei ya juu.

Picha za kwenye simu zitazame kwa adabu, usizihesabu. Karibu zote zimepigwa siku ya makabidhiano, na siku hiyo hata kazi mbovu hupendeza. Omba uonyeshwe kazi yenye miaka miwili au mitatu. Akikosa hata moja, ama ni mgeni wa kazi hii, ama hataki urudi huko. Mgeni si mtu mbaya, ila mpe kazi ndogo kwanza.

Ukifika, simama mwisho wa njia, inama kidogo, uitazame kwa urefu wake wote. Mabonde kwenye mistari ya magurudumu yanasema kitako, yaani tabaka la kokoto lililo chini ya matofali, hakikushindiliwa. Matofali ya pembeni yaliyohama yanasema hakukuwekwa kizuizi cha ukingo. Nenda ukutani utazame chini karibu na ardhi: rangi iliyovimba ina maana unyevu ulifunikwa, haukutibiwa.

Kisha nenda kwenye miti. Shina la mti uliopandwa vizuri hupanuka kidogo pale linapokutana na mizizi, na upanuzi huo huonekana juu ya udongo. Likiingia ardhini limenyooka kama mlingoti, mti umezikwa. Ukikuta matandazo, yaani majani au maganda ya kufunika udongo, yamerundikwa kama kichuguu kulizunguka shina, gome hilo litabaki na unyevu mpaka lioze. Na ukikuta mti mzima umekatwa vilele vyote ukabaki visiki vinavyotazama juu, mfute huyo kwenye orodha. Machipukizi yanayotokea hapo hushikilia kwa unyonge, na baada ya miaka michache ndiyo yanayokatika kwa upepo.

Ukikutana na mteja wa zamani, usimuulize kama aliridhika. Watu wana huruma, watasema ndiyo. Muulize: "Kitu kilipoharibika, alikuja baada ya siku ngapi?"

Hatua ya 3: Mwite aje, mwache atembee, wewe nyamaza

Hapa ndipo ninapoamua, na huwa sichukui zaidi ya nusu saa. Anayetaja bei akiwa getini au kwenye simu, mshukuru aende. Ninayemtaka ni yule anayeuliza mabomba na nyaya zimepita wapi chini ya ardhi, gari zito litapita hapa au la, maji ya paa yanamwagikia wapi. Akichomoa bisu dogo akakwangua rangi, au akaomba koleo achimbe kidogo auone udongo, moyo wangu hutulia.

Nina mtego wangu pia. Namwomba jambo baya kwa makusudi: "Hapa nataka udongo uinuliwe mpaka uguse ukuta, nipande maua." Akijibu "Sawa bosi, hakuna shida", basi atanikubalia kila kitu, pamoja na vile vitakavyobomoa nyumba yangu. Fundi wa kweli atakataa, na atanieleza kwamba udongo uliopandishwa juu ya kizuia unyevu cha msingi hupeleka maji ndani ya ukuta. Atasema ardhi ishuke kutoka nyumbani kwenda nje. Kipimo kinachotumika sana ni kushuka kama sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Sehemu iliyopangwa matofali inatosha ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Asipovijua vipimo hivi, hata pima maji aliyoibeba ni pambo.

Hatua ya 4: Zisome bei kipengele kwa kipengele

Wape wote watatu orodha ileile uliyoandika. Bei zikirudi, usitazame jumla kwanza. Tafuta kisichoandikwa, kwa sababu bei ya chini mno mara nyingi ni bei ya kazi nyingine kabisa.

Chukua njia ya matofali. Ya watembea kwa miguu huhitaji kitako cha kokoto kilichoshindiliwa cha kama sentimita 10. Ya magari huanzia 15 hadi 20, na zaidi udongo ukiwa laini. Kokoto hizo hushindiliwa kwa tabaka, si kumwagwa zote kisha mashine ikapitishwa juu mara moja. Kama bei imeandika "kupanga matofali" tu, unalipia kile unachokiona.

Udongo wa juu ni hesabu ya darasani: mita za mraba 100 kwa kina cha sentimita 10 ni mita za ujazo 10. Akiandika "udongo, gari moja", muulize gari lenye ujazo gani. Kwenye rangi, kukwangua, kuziba nyufa na koti la kwanza la rangi viwe mistari inayojitegemea. Ukuta wa kuzuia udongo lazima utaje kokoto na bomba la kutolea maji nyuma yake, pamoja na matundu, kwa kuwa kuta hizi huangushwa na maji yaliyokwama zaidi ya uzito wa udongo mkavu. Ukizidi urefu wa mita 1 na kidogo, mamlaka nyingi hutaka mchoro wa mhandisi, na hata zisipotaka, utake wewe.

Hatua ya 5: Makaratasi

Leseni pale sheria inapoitaka, kibali cha kupuliza dawa kama atatumia dawa za magugu au wadudu, na bima mbili: ya uharibifu kwa mali na watu wengine, na ya wafanyakazi wake wakiumia. Uthibitisho uombe kwa kampuni ya bima yenyewe, na usome tarehe ya mwisho.

Mimi niliwahi kuridhika na karatasi niliyoonyeshwa kwa mbali. Wiki ya pili mashine ya kufyekea nyasi ilirusha jiwe likapasua kioo cha gari lililoegeshwa ng'ambo ya uzio. Bima ilikuwa imekwisha miezi minne nyuma. Kioo nilinunua mimi.

Hatua ya 6: Mkataba, na pesa ziifuate kazi

Malipo ya awali yawe ya kuanzishia kazi. Asilimia 10 hadi 30 inaeleweka, kutegemea vifaa vinavyohitajika mapema. Anayetaka nusu au zaidi kabla ya kushika koleo, mara nyingi anatumia pesa zako kumalizia kazi ya mtu aliyekutangulia, na yako itamaliziwa na pesa za atakayekufuata. Yanayofuata lipa kwa hatua iliyokwisha na kukaguliwa. Asilimia 5 hadi 10 ibaki mkononi mwako kwa miezi 6 au zaidi.

Kifungu ambacho siachi kukiandika ni hiki: hakuna kinachofukiwa kabla hakijapigwa picha na tepu ikionekana. Kitako cha kokoto, bomba la maji, shimo la mti, ukuta uliokwanguliwa. Picha moja ya tepu ndani ya mtaro inazuia ugomvi kuliko kurasa nne za maneno. Mkandarasi mwaminifu hukipenda kifungu hiki, kwa sababu nacho humlinda. Anayenuna, umeshajua kwa nini.

Mabadiliko yoyote yaandikwe na kusainiwa kabla hayajafanywa. Na mimea: andikeni nani anamwagilia, kwa muda gani. Miche ikifa, ugomvi wake karibu wote ni wa mpira wa maji uliokuwa wa kila mtu na kwa hiyo haukuwa wa mtu.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza uwepo

Tazama kama waliokuja ndio uliokubaliana nao, au kazi imeuzwa kwa vibarua wengine usiowajua. Jua jina la msimamizi, uzungumze naye tu. Ukimwagiza kila mmoja, hutakuwa na wa kumlaumu.

Kwenye kupanda, shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi lakini lisiwe refu kwenda chini kuliko bonge lenyewe. Matandazo ya sentimita 5 hadi 10 yanatosha, yakae mbali na shina. Kwenye nyasi, wasikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Siku mbili baadaye pita uangalie ncha: zikiwa zimechanika na kukauka, kisu chao ni butu, na mtu asiyenoa kisu kuna mengine mengi asiyoyafanya.

Hatua ya 8: Pokea kazi baada ya maji

Usisaini makabidhiano siku ya jua kali na pilikapilika za kufagia. Subiri mvua kubwa, na isipokuja, fungua mpira wa maji kwa saa nzima juu ya paa, kisha kwenye njia, kisha nyuma ya ukuta. Paa la bapa lililowekwa kizuia maji na kujengwa ili libebe uzito huo, lizibwe matundu na kujazwa maji sentimita chache kwa saa 24, kisha tazama dari chini yake. Maji yakisimama pale ambapo hayakutakiwa, piga picha, mtumie, na hiyo asilimia iliyobaki iache ilipo mpaka arudi na koleo lake.